Maisha ya Bwana Grant, Aliyeugua Mguu Karagwe

Mtu akitaja habari za chimbuko la mto Nile, jina linalotangulia ni la Bwana Speke. Jina la Bwana Grant hufuata nyuma, kama mpagazi aliyechelewa njiani. Vitabu vingi humpa mstari mmoja au miwili, ati naye alikuwapo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, kwetu ni Kyerwa, na sasa naishi bwenini hapa Karagwe. Naona sisi wa huku tunayo haki ya kumjua zaidi, maana miezi iliyo mibaya kuliko yote katika safari yake aliipitisha katika nchi yetu, akiwa amelala kitandani na goti lisilokunjuka. Mguu huo ndio uliomnyima kuyaona maji ya Nile yakitoka ziwani. Basi, wasomaji wapenzi, nitaeleza maisha yake yote kwa ufupi, lakini habari za mguu nitazirefusha, na asiyependa kusikia habari za usaha na mifupa na aruke kidogo.

James Augustus Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili, 1827, katika mji mdogo wa Nairn, ulio kando ya bahari kaskazini ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alisoma kwao, kisha Aberdeen, na mwaka 1846, alipokuwa na umri wa miaka 19, yaani mkubwa kwangu kwa miaka miwili tu, akaingia jeshi la Waingereza katika Bara Hindi. Alipigana katika vita vya Makalasinga vya mwaka 1848 na 1849, na askari wa Kihindi walipoasi mwaka 1857 alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuuokoa mji wa Lucknow, akajeruhiwa huko. Katika miaka hiyo ndipo alipojuana na John Hanning Speke, afisa mwenziwe. Wote wawili walipenda mno kuwinda, na urafiki wao ulianzia porini. Lakini tabia zao hazikufanana. Speke alikuwa mwenye haraka na mwenye kutaka sifa. Grant alikuwa mpole, mvumilivu, mpenda mimea na mjuzi wa kuchora picha.

Mwaka 1858 Speke alikuwa katika nchi yetu hii ya Tanzania pamoja na Richard Burton. Burton alipobaki Tabora akiwa dhaifu kwa ugonjwa, Speke alikwenda kaskazini peke yake, akaliona ziwa kubwa pale Mwanza, akalipa jina la malkia wao, Victoria. Aliporudi akasema kwamba hapo ndipo mto Nile unapotoka. Burton hakukubali, na wale marafiki wakawa maadui. Wakubwa wa Chama cha Jiografia cha London wakamtuma Speke tena akahakikishe maneno yake, naye safari hii akamchagua mwenzi ambaye alijua hatagombana naye. Mwenzi huyo ndiye Grant.

Waliondoka Unguja, wakavuka hadi Bagamoyo, na mwanzo wa Oktoba 1860 wakaanza safari ya bara. Walikuwa na wapagazi wengi na watu wa Unguja, wakubwa wao wakiwa Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa Myao kwa kabila, na Baraka. Safari ilikuwa ya taabu. Wapagazi walitoroka, njaa ilikuwapo, na watemi wa njiani kila mmoja alidai hongo yake. Grant alishikwa na homa mara kwa mara. Katika Unyamwezi, Septemba 1861, alipokuwa akisafiri na kundi lake peke yake, watu wa mtemi mmoja aitwaye Myonga walimvamia na kutawanya mizigo yake. Lakini katika safari hiyo hiyo alipata kitu ambacho jina lake limebaki nacho: katika Ugogo alimpata swala mmoja mwenye pembe ndefu, ambaye leo hata watoto wanaotembelea Serengeti humwita swala granti.

Tarehe 25 Novemba, 1861, wakafika Bweranyange, mji wa Omukama Rumanyika. Nafikiri wasomaji wengi wanalijua jina hilo, ingawa wengine wanalijua tu kwa sababu ya Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe iliyotangazwa mwaka 2019, mwaka ule ule ilipotangazwa ya Ibanda-Kyerwa. Siku zile nchi ilikuwa moja. Kyerwa ilifanywa wilaya yake yenyewe mwaka 2012 tu. Rumanyika aliwapokea wageni wale kama hakuna mtawala mwingine aliyewapokea tangu pwani. Hakutaka hongo. Chakula walipewa bure tangu walipokanyaga mpaka wake. Aliwauliza maswali mengi juu ya dunia, na jioni walikaa naye wakizungumza kama watu wa baraza moja. Speke na Grant, ambao mara nyingi katika vitabu vyao huwadharau watu weusi kama walivyozoea Wazungu wa wakati ule, hapa kalamu zao zinabadilika, wanamsifu Rumanyika kwa uungwana wake. Kilima walichokaa kilitazama ziwa dogo zuri, nao wakaliita Little Windermere, kwa jina la ziwa la kwao Uingereza, kana kwamba halikuwa na jina kabla yao.

Wakiwa katika raha hiyo, Grant akaugua.

Ilikuwa mwezi wa Desemba. Ugonjwa ulianza na homa, kama zile alizozizoea. Kisha mguu wa kulia, kuanzia juu ya goti, ukavimba hata ukapoteza sura ya mguu. Kwa muda wa mwezi mzima ulikaa hivyo, ukimwuma maumivu makali yasiyo na maelezo. Mwisho ukapasuliwa kwa kisu, kwa kina kirefu, ukatoa usaha mwingi, naye akapata nafuu kidogo. Lakini haikuwa mwisho. Kwa miezi mitatu majipu mapya yaliota, yakapasuliwa nayo. Goti likakakamaa, likapinda vibaya, kutembea kukawa hakuwezekani. Kila siku ilimbidi aukamue mguu wake kwa mikono yake mwenyewe ili usaha utoke. Katika yote hayo ameandika kwamba alikuwa na imani na moyo wa furaha, isipokuwa katika saa zile ngumu kabisa, alipotamani kuwa karibu na kwao. Mimi nikisoma mahali hapo huona kwamba alikuwa na umri wa miaka 34, hana daktari wala dawa ya maana, na rafiki yake alikuwa karibu kumwacha.

Watu walimhurumia sana, na kila mmoja alikuwa na dawa yake. Bombay alikuwa amesikia juu ya kanda la kinyesi cha ng'ombe, chumvi na tope la ziwani. Likapashwa moto na kubandikwa mguuni, likaubana tu kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu. Baraka alikuwa na hakika kwamba nyoka ameutemea mate mguu huo, maana alama ya kuumwa haikuwapo. Nnanaji, ndugu yake Rumanyika, ambaye alikuwa mganga, alisema anaujua ugonjwa huo vizuri, akamtuma mtu wake amtibu. Mtu huyo alikuwa Mnyambo, mkulima mpole, akaja pamoja na mkewe. Aliutazama mguu kwa mikono laini, akachanja chale juu ya ngozi, akawaamuru watazamaji watoke nje. Mkewe akafungua jani la mgomba lililofungwa, ndani yake mna dawa nyeusi kama uji mzito. Wakailainisha kwa mate na kuisugua katika zile chale zilizokuwa zikitoka damu. Baadaye wakamfunga kijiwe cha volkano kwenye kifundo cha mguu kiwe hirizi. Mguu haukupona kwa dawa hiyo. Lakini Grant, ambaye angeweza kuwacheka, ameandika habari zao kwa heshima, na upole wa yule mume na mke ndio alioukumbuka miaka miwili baadaye alipokuwa akiandika kitabu kwao Uskoti.

Ulikuwa ugonjwa gani? Madaktari waliosoma kitabu chake wamejiuliza swali hilo mara nyingi, na baadhi yao husema huenda habari zake ndizo za kwanza kuandikwa juu ya ugonjwa uitwao sasa kidonda cha Buruli. Buruli ni sehemu ya Uganda karibu na mto Nile, ambako wagonjwa wengi walionekana katika miaka ya 1960. Vijidudu vyake ni vya ukoo mmoja na vile vya kifua kikuu na ukoma, navyo vilielezwa kwanza na madaktari wa Australia mwaka 1948. Vijidudu hivyo hutoa sumu. Sumu hiyo huua mafuta yaliyo chini ya ngozi na kuviziba vijishipa vya damu, na nyama isiyopata damu hufa, ikaacha kidonda kipana. Kwa wagonjwa wengine uharibifu huo hushuka mpaka mfupani. Leo huponywa kwa vidonge vya kuua vijidudu vinavyomezwa kwa wiki nane, na mgonjwa akiwahi hahitaji kupasuliwa.

Lakini kuna jambo lisilokaa sawasawa. Kidonda cha Buruli kwa kawaida hakiumi sana mwanzoni, wala hakileti homa. Grant alianza na homa na aliumwa kupita kiasi. Kwa hiyo mimi nadhani huenda usaha wake ulikuwa chini zaidi, ndani ya nyama za paja, au katika mfupa wenyewe. Nilipomwambia mwalimu wetu wa Biolojia alicheka, akasema mgonjwa aliyekufa zaidi ya miaka 130 iliyopita hapimwi damu. Hata hivyo alinieleza jinsi mfupa unavyougua, na maelezo yake nataka kuyaweka hapa, kwa kuwa yananihusu.

Watu wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu kama gogo, kwa sababu mifupa tunayoiona mara nyingi ni ya wanyama waliokwisha kufa. Mfupa wa mtu aliye hai una damu. Mshipa mkubwa huingia katikati yake kupitia tundu dogo na kugawanyika juu na chini ndani ya uboho; mishipa mingine huingia karibu na ncha zake; na ile ngozi nyembamba inayoufunika mfupa kwa nje nayo ina vijishipa vyake. Seli za mfupa huishi kwa damu hiyo kama jicho na moyo vinavyoishi kwayo. Tofauti ni kwamba mfupa ni mgumu. Ukipata jipu kwenye nyama, nyama huvimba ikatoa nafasi. Usaha ukiingia ndani ya mfupa hauna pa kwenda. Unajikusanya, unasukuma, na kinachobanwa kwanza ni mishipa ya damu. Ukitoka nje, huiinua ile ngozi nyembamba na kuikata mishipa ya upande wa pili pia. Kipande cha mfupa kilichonyimwa damu pande zote hufa. Kikisha kufa hukaa humo kama mgeni asiyetakiwa, na usaha huendelea kutoka miezi na miezi mpaka kitoke au kitolewe. Ndiyo maana jambo lile la majipu ya Grant kurudi na kurudi tena lilinifikirisha.

Na mfupa unaweza kufa bila usaha wowote. Mahali panapojulikana zaidi kwa kifo cha namna hiyo ni kichwa cha mfupa wa paja, yaani ile tufe iliyo ndani ya nyonga. Wasomaji wanajua vijiji vyetu vilivyo kwenye ncha ya kilima, vyenye njia moja tu ya kwendea kisimani: mti ukianguka na kuifunga njia hiyo, kijiji kizima hukosa maji. Kichwa cha mfupa wa paja kiko hivyo. Damu yake nyingi hupanda kwa vijishipa vichache vyembamba vinavyopita shingoni mwa mfupa, na njia nyingine za msaada ni haba. Bwana Josep Trueta, daktari kutoka Barcelona aliyeikimbia nchi yake kwa sababu ya vita na kwenda Oxford, alieleza mwaka 1953 pamoja na mwenziwe jinsi vijishipa hivyo vilivyopangwa, na madaktari wa mifupa wanaitumia kazi yake hata leo. Shingo ya mfupa ikivunjika, njia imekatika. Dawa fulani kali zikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu, au ulevi wa miaka mingi, huweza kuidhuru pia. Lakini huku kwetu Afrika ya Mashariki sababu kubwa ni ugonjwa wa selimundu, ambao watoto hurithi kwa baba na mama wote wawili. Chembe zao nyekundu za damu, badala ya kuwa mviringo na laini, hujikunja kama mundu na kuwa ngumu, zikakwama katika vijishipa vyembamba.

Mdogo wangu wa kike ana selimundu. Ana umri wa miaka 12. Mwaka juzi alianza kulalamika paja na goti, hata tukadhani ni goti linaloumwa, kumbe maumivu ya nyonga mara nyingi hujitokeza gotini. Baada ya miezi akaanza kuchechemea. Jirani mmoja alisema amekanyaga kitu kilichotegwa njiani, mwingine akasema anajidai ili asiteke maji. Katika picha ya eksirei daktari alimwonyesha baba kwamba kichwa cha mfupa wa paja la kushoto si mviringo tena, kimebonyea upande mmoja. Alieleza kwamba mfupa ulikufa kwanza, kimya kimya, nao haukubonyea siku ile ile. Ulibonyea baadaye, kwa sababu alikuwa bado anaukanyagia na kupanda mlima na ndoo ya lita 20 kichwani. Sasa anatembea kwa magongo, ndoo amepumzishwa, na tunangoja kuona mfupa utajijenga kiasi gani, kwa maana kwa mtoto bado kuna tumaini. Akiwa mkubwa, kama nyonga itakataa kabisa, kuna upasuaji wa kuweka nyonga ya chuma, lakini gharama yake baba hapendi kuitaja mezani. Shuleni kwake watoto humwita jina la ndege mmoja anayerukaruka. Ningependa wanaosoma gazeti hili, wakimwona mtoto anayechechemea na analalamika goti, wamwambie mzazi wake aende akapigwe picha ya nyonga pia, kabla mfupa haujabonyea.

Sasa nirudi kwa Grant, niliyemwacha kitandani.

Tarehe 10 Januari, 1862, Speke aliondoka kwenda Buganda. Kabaka Mutesa alikuwa amemtumia mjumbe, na desturi ya nchi ile ilikuwa kwamba mgeni mgonjwa haruhusiwi kuingia. Speke asingeweza kungoja, au hakutaka. Grant akabaki Bweranyange chini ya ulinzi wa Rumanyika, karibu miezi mitatu zaidi. Hapo, naona, ndipo Rumanyika alipoonyesha uungwana wa kweli, maana mgeni mwenye afya na bidhaa kila mtu humpenda. Alimtembelea, watoto wake walikuja kumwangalia na kuzungumza, na chakula hakikukatika. Grant, kwa kuwa hakuweza kutembea, alitazama. Akaandika habari za mavazi, vyakula, ndizi na pombe yake, ng'ombe, na ngoma nyingi zilizopigwa mwezi mpya ulipoandama. Alichora watu na nyumba. Mengi ya yale ambayo yeye anayajua juu ya Karagwe, na ambayo Speke hayajui, aliyapata kwa sababu ya kulala. Sisemi ugonjwa ni mwalimu mzuri. Nasema tu kwamba kitabu chake kina habari zetu nyingi.

Katika mwezi wa tano ugonjwa ulichoka wenyewe. Siku moja alitolewa nje ya kibanda, akavuta hewa safi, akaliona tena ziwa na vilima vilivyo chini yake, na jinsi anavyoeleza furaha ya siku hiyo mtu aliyewahi kulazwa hospitali atamwelewa. Tarehe 14 Aprili, 1862, watu waliotumwa na Mutesa wakamchukua juu ya machela, wakauvuka mto Kagera, ambao wao waliuandika kwa jina la Kitangule, wakapita Buddu. Alifika kwa Mutesa tarehe 27 Mei, akichechemea. Speke alifurahi sana kumwona.

Mwezi wa Julai wakaondoka wote wawili kwenda Bunyoro. Njiani Speke akataka kugeukia mashariki haraka, aone mahali mto unapotoka ziwani. Akamwuliza Grant kama anaweza kwenda naye kwa mwendo wa mbio. Grant hakuweza. Kwa mguu ule asingeweza kutembea kilomita 32 kwa siku katika mabwawa na njia mbaya. Basi wakaachana, Grant akaenda polepole pamoja na mizigo na ng'ombe, na Speke, tarehe 28 Julai, 1862, akasimama peke yake kwenye maporomoko ya Jinja, ambayo aliyaita Ripon. Jambo lilikuwa kama lile la Burton pale Tabora miaka minne kabla yake. Mara mbili Speke aliona jambo kubwa peke yake kwa sababu mwenziwe aliumwa. (Watu wa Busoga na Buganda, bila shaka, walikuwa wakiyaona maporomoko hayo kila siku wakivua samaki.)

Wengine wangechukia. Burton alichukia maisha yake yote. Watu wa Uingereza nao walianza kunong'ona kwamba Speke alimwondoa Grant kwa hila ili sifa iwe yake peke yake. Grant alilikanusha jambo hilo katika kitabu chake, waziwazi, bila kuzungukazunguka: ni afya yake tu iliyomzuia, wala rafiki yake hakutaka kumnyima kitu. Wapo wanaodhani alisema hivyo kwa ajili ya urafiki tu. Mimi, kwa kuwa nimesoma habari za lile goti lililopinda, namwamini. Mtu ambaye miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa akichukuliwa machela hatembei kilomita 32 katika tope.

Walionana tena, wakapita kwa mfalme Kamrasi wa Bunyoro, na tarehe 15 Februari, 1863, wakafika Gondokoro, katika nchi iitwayo sasa Sudan Kusini, ambako walimkuta Samuel Baker na mwenzi wake Florence. Mwaka huo huo wakafika Uingereza, wakapokewa kwa shangwe. Mwaka 1864 Grant alipewa nishani ya Chama cha Jiografia, akatoa kitabu chake. Waziri Mkuu, Lord Palmerston, alikuwa amemwambia kwa utani kwamba alikwenda matembezi marefu, naye akaupenda utani huo, akakiita kitabu Matembezi Katika Afrika. Sijui kama Palmerston alikuwa na habari za machela.

Furaha haikudumu. Tarehe 15 Septemba, 1864, siku moja kabla Speke hajasimama kubishana na Burton mbele ya wataalamu huko Bath, alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda. Grant alihudhuria mazishi yake. Tangu siku hiyo kazi ya kulilinda jina la Speke ilikuwa yake. Kila alipoandika mtu kwamba ziwa si moja bali ni maziwa mengi, au kwamba Nile hautoki pale, Grant alijibu. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua, akaona ni ziwa moja, na maneno ya Speke yakathibitika. Mwaka 1876 Stanley alifika kwetu Karagwe, akapokewa na Rumanyika yule yule.

Yaliyobaki katika maisha ya Grant ni mafupi. Alioa mwaka 1865. Mwaka 1868 alikwenda pamoja na jeshi la Waingereza katika vita vya Uhabeshi, akiwa afisa wa kukusanya habari, kwa hiyo mguu ulikuwa umekwisha kumrudia kiasi cha kutosha. Baadaye akaacha jeshi akiwa na cheo cha luteni kanali, akakaa kwao Nairn. Mimea aliyoikusanya njiani, tangu Ugogo na Unyamwezi hadi Karagwe na ng'ambo yake, aliipeleka katika bustani ya Kew, na pamoja na mtaalamu Daniel Oliver akaieleza katika kazi kubwa iliyotoka tangu mwaka 1872 hadi 1875, yenye picha nyingi. Hakurudi tena Karagwe. Rumanyika alifariki kabla yake, na Grant akafa Nairn tarehe 11 Februari, 1892, akiwa na umri wa miaka 64. Michoro yake ya rangi, ambayo kati yake imo ya huku kwetu, imehifadhiwa katika maktaba ya taifa ya Uskoti, mjini Edinburgh.